Kilomita Kumi na Tisa za Mto wa Mama

Ukifika Kakuma One, ndani ya kambi ya wakimbizi, unamtafuta Didace, usiulize kwa jina. Utaletewa akina Didace wanne, mmoja wao mchungaji, na kila mmoja atakukalisha akueleze shida zake mpaka jua lizame. Uliza tu, "Yule wa filimbi yuko wapi?" Utamkuta kandokando ya laga, chini ya kipande cha turubai, amepindua baiskeli ya mtu magurudumu juu, mikono yote grisi, na shingoni amening'iniza filimbi ya refa kwa kamba ya kiatu.

Filimbi hiyo si ya mpira. Tarach, hiyo laga inayopita kambini, ni mto wa mchanga. Mwezi nenda mwezi rudi hauna hata tone. Watu wanaukata katikati kwenda sokoni, mbuzi wanalala humo, vijana wanacheza mpira humo. Kisha siku moja, jua linawaka na mbingu haina hata wingu, maji hayo yanakuja na miti na sufuria za watu. Mvua imenyesha huko milimani, wewe huku hukuiona wala hukuisikia. Kwa hiyo kila mwenye akili anayeishi ukingoni ana mtu wake wa juu, yaani mtu anayekaa kule maji yanakotoka, mwenye simu na moyo wa kukukumbuka.

Mtu wa juu wa Didace ni Asekon, mama mmoja Mturkana mwenye mbuzi upande wa Letea. Walijuana siku alipomletea toroli lililokwisha kufa na Didace akalifufua. Maji yakipita kwake, Asekon anapiga. Maneno mengi hana, salamu ya Kiturkana na habari yenyewe. "Didace, ejok? Maji imeshuka. Imebeba mti." Anakata. Hapo Didace anaishika filimbi, anapuliza mpaka macho yanamtoka, na mtaa mzima unajitwika magodoro kupanda mwinuko. Miaka kumi na minne amepuliza mara kumi na moja. Mara tisa maji yalikuja. Mara mbili hayakuja, na hizo mbili ndizo watu wanazozikumbuka. Ndivyo binadamu alivyo, usimlaumu.

Didace alikuwa akiishi na mama yake, Mama Caritas, aliyetoka naye Burundi. Basi mchakato wa kwenda ng'ambo ukaiva, lakini ukaiva kwa mama peke yake. Faili zao zilikuwa zimetenganishwa zamani kwa sababu Didace alikuwa mtu mzima, kana kwamba mtu mzima hana mama. Mama Caritas akaambiwa anakwenda Norwei, kaskazini kabisa, kule ramani inakokaribia kuisha. Siku ya kuondoka, watu getini walikumbatiana na kulia na kuimba. Didace yeye alisimama na begi la mama mkononi, akasema, "Usikubali nyumba ya bondeni." Mama akasema, "Sawa." Basi likaondoka. Hayo ndiyo maagano ya hao watu wawili, jamani, baada ya miaka arobaini na minne ya kuwa mama na mwana.

Wiki mbili baadaye simu ikalia. Nyumba ni ya mbao nyekundu, ina joto, ina jiko lisilotaka kuni. Tena ina dirisha kubwa, na hatua thelathini kutoka dirishani kuna mto.

Didace akakaa chini juu ya pampu. "Na mtu wako wa juu ni nani?"

"Juu wapi?"

"Juu ya mto, Mama! Huko maji yanakotoka kunakaa nani?"

"Hakuna anayekaa. Kuna mlima."

Usiku wote hakulala. Mama ana miaka sabini, yuko peke yake, hatua thelathini kutoka mtoni, na huko juu hakuna hata mchunga mbuzi wa kumpigia simu. Kulipokucha alikuwa ameshaamua. Kama hakuna mtu wa juu, basi mtu wa juu atakuwa yeye, hapohapo chini ya turubai lake Kakuma.

Usicheke kwanza. Alifunga safari mpaka Lodwar akanunua simu yenye kioo kikubwa, akarudi nayo mfuko wa mbele, mkono juu yake kwa hofu ya wezi. Akaenda kwa Mayen, Mdinka mwenye kibanda cha kuchaji simu na intaneti ya kupimiwa, akamwambia, "Nionyeshe mto wa mama yangu kutoka angani." Mayen alipenda mambo ya kutazama mbali. Wakaketi wawili, wakautafuta, wakaupata.

Jina la mto lilikuwa na herufi zenye nukta juu na mkwaju katikati, wakaachana nalo. Wakauita Mto wa Mama. Mto wenyewe ulianzia kwenye ziwa dogo chini ya kilele chenye theluji, ziwa ambalo Mayen alisema ng'ombe wa baba yake wangelimaliza asubuhi moja. Kutoka hapo ukashuka mbio, ukaanguka kwenye jabali mara mbili, ukapita kwenye msitu wa miti myembamba yenye maganda meupe, ukapinda mara moja tu kukwepa mwamba, ukapita chini ya daraja, kando ya nyumba nyekundu ya Mama Caritas, na ukaishia baharini. Lakini hata bahari yenyewe huko haikai mahali pake. Imejipenyeza katikati ya milima, nyembamba na ndefu, kama mtu anayechungulia jikoni. Mayen akapima kwa kidole. Kutoka ziwani mpaka baharini, kilomita kumi na tisa.

"Kumi na tisa?" Mayen akasema. "Hii mto inakimbilia nini?"

"Hilo ndilo linaloniogopesha," Didace akasema. Maji ya Tarach hutembea saa nyingi kabla ya kufika kambini. Unapata muda wa kufunga godoro, kutafuta kuku na kugombana na jirani. Mto wa kilomita kumi na tisa ukipiga chafya kule juu, kamasi limeshafika chini.

Akachukua tyubu kuukuu ya baiskeli, akaikata, akaitundika kwenye nguzo ya kibanda chake. Kiraka cha juu ni ziwa. Viraka viwili ni maporomoko. Kiraka chekundu ni daraja. Na pale penye valvu ndipo nyumba ya Mama. Mteja aliyekuja kuziba pancha alifundishwa jiografia kwanza, atake asitake. Kwamba mto huo unaganda kuanzia Oktoba mpaka Mei, unalala kabisa, na Juni unaamka. Kwamba theluji ni mvua iliyowekwa akiba mlimani, na jua ndilo lenye ufunguo. "Kwa hiyo kule mafuriko yanaletwa na jua kali," Didace alisema akinyanyua chuma cha kutolea tairi. Riek, jirani yake wa Sudan Kusini, mtu mrefu asiyependa kudanganywa, akasema hajawahi kusikia upuuzi wa namna hiyo. Alipoambiwa kwamba Juni jua huko halizami hata usiku, aliichukua baiskeli yake na pancha yake akaenda zake.

Mayen yeye alifikiri siku nzima. Jioni akaja kuuliza, "Sasa ng'ombe inajua aje saa ya kurudi nyumbani?"

Halafu wakagundua kubwa kuliko yote. Pale darajani palikuwa na kipimo, na kipimo kilikuwa na ukurasa wake mtandaoni, na kila saa kiliandika kina cha maji, kimya kimya, bila kuombwa na mtu. Didace alikitazama kwa heshima. Asekon alikuwa mwema, lakini Asekon alikuwa na mbuzi wa kuangalia. Hiki hakikuwa na hata mbuzi mmoja.

Kuanzia hapo, kila jioni alimpigia mama yake.

"Mama, salama?"

"Salama, mwanangu."

"Sabini na mbili."

"Sabini na mbili nini?"

"Sentimita. Jana ilikuwa sabini na tano. Lala vizuri." Anakata.

Mwaka mzima hivyo. Mama Caritas alijaribu kumweleza habari za kanisa, za viatu vyenye meno ya kukanyagia barafu, za bibi jirani aliyemletea keki ambayo ilikuwa mkate tu uliodanganywa kwa sukari. Didace aliitikia "Ndiyo, ndiyo," jicho lake kwenye mchoro wa kipimo. Ukimuuliza wakati ule kama anampenda mama yake angekuonyesha ile tyubu.

Basi ikaja Desemba. Mchoro ulikuwa umelala chini wiki nyingi, bapa, hauna habari. Siku moja saa sita mchana Didace anafungua simu, anaona mstari umesimama. Sentimita sitini juu, kwa saa mbili! Mtu wa Norwei angejua mara moja kwamba ni vipande vya barafu vimekwama chini ya daraja, vikayasukuma maji machache yaliyokuwepo juu ya kipimo, basi. Mtu wa Kakuma akiona mto mkavu umepanda sitini kwa saa mbili, anajua jambo moja tu.

"Mama! Maji yanashuka! Panda juu!"

Mama Caritas naye alikuwa mtu wa Kakuma. Hakuuliza. Akachukua bahasha ya nailoni yenye makaratasi yake yote, akachukua sufuria yake moja aliyotoka nayo kambini, akagonga milango ya familia mbili za Wakongo, akamshika mkono yule bibi jirani ambaye hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, na wote wakapanda kilima cha nyuma. Mchana ulikuwa mweusi tii, maana Desemba kule jua linachukua likizo. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Wakasimama kwenye theluji saa nzima wakiusubiri mto. Chini yao mto ulikuwa mweupe, mgumu, umetulia, na katikati yake alikuwa akipita bwana mmoja na mbwa wake, juu ya maji, kwa miguu, anapiga mluzi.

Nasikia bibi jirani alicheka mpaka ikabidi ashikiliwe. Mama Caritas hakucheka. Alipiga simu Kakuma, na kwa mara ya kwanza ni yeye aliyeongea na Didace aliyesema "Ndiyo, ndiyo."

"Umenisimamisha kilimani na sufuria kama mwendawazimu! Usinitajie tena sentimita. Usinitajie mto, usinitajie daraja, usinitajie maji hata ya kunywa. Umesikia?"

Alisikia. Lakini ukimnyang'anya Didace mto, anabaki na nini cha kusema? Jioni ya pili alipiga. "Mama, salama?" "Salama." "Kuna mvua?" "Theluji." "Aa." "Na huko?" "Jua." Didace akabaki anachezea kamba ya filimbi, mpaka Mayen, aliyekuwa anasikiliza bila aibu, akawaonea huruma akapiga chafya ya uongo ili wapate sababu ya kuagana. Simu za kila jioni zikawa za kila Jumapili. Za Jumapili zikaanza kurukwa. Didace aliumia, nasema kweli, aliumia kama mtu aliyefukuzwa kazi, lakini kwa siri aliendelea kufungua ule ukurasa kila saa. Mtu wa juu halali kwa sababu tu amekatazwa kusema.

Mei barafu ikavunjika. Juni ikaingia na joto ambalo hata habari za ulimwengu zililitaja. Didace aliona mchoro unapanda ngazi: kila jioni juu, kila asubuhi chini kidogo, na kila jioni juu kuliko jana. Akaelewa bila kufundishwa. Jua lachoma mchana, maji yanatembea saa tatu, yanafika jioni. Siku ya nne mchoro haukushuka asubuhi. Siku ya tano, Alhamisi, saa nane mchana, ulisimama wima.

Safari hii hakukuwa na barafu ya kusingizia. Akakumbuka kilima, sufuria, sauti ya mama. Akasema moyoni, acha anikasirikie akiwa hai. Akapiga.

Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Tena. Akakimbilia kwa Mayen akapiga kwa simu ya Mayen, akapiga kwa simu tatu za wateja zilizokuwa zinachajiwa, na wenyewe hawapo. Hakuna. Mchoro ukapanda sentimita ishirini nyingine. Sasa alikuwa anatembea huku na huku kando ya laga, jasho linamtoka, midomo inasema "Mama pokea, Mama pokea," na mkono wake, mkono wa miaka kumi na minne, ukafanya kazi yake bila kumuuliza. Ukaishika filimbi.

Jamani! Didace alipuliza filimbi kubwa kuliko zote za maisha yake, kwa mto ulioko Norwei.

Kakuma ikainuka. Magodoro yakaruka, kuku wakakamatwa, vijana wa mpira wakatoka mchangani mbio na kuacha magoli yao. Mzee mmoja alibebwa na kiti chake akiwa bado ameshika kikombe. Ndani ya dakika kumi mtaa mzima ulikuwa mwinukoni, mamia ya watu, wakitazama laga. Laga ilikuwa kavu kama jana na juzi. Mbuzi mmoja alisimama katikati yake anatafuna karatasi.

Wakageuka wakamtazama Didace.

"Maji iko wapi?" Riek akauliza kwa upole mbaya, godoro kichwani.

"Iko... iko kwa mama yangu," Didace akasema, na akaanza kulia. Alilia mbele ya watu, mwanamume mzima na ndevu zake, bila kujificha. Riek alikuwa amejiandaa kwa mambo mengine kabisa. Hakujua afanye nini na mikono yake.

Hapo simu ya Didace ikalia. Mayen akaipokea, akaweka sauti ya juu ili watu wapate haki yao.

"Mama! Uko wapi?"

"Niko juu, kwenye uwanja wa shule. Tuko wote."

"Nani alikuambia?"

"Aniambie nani? Siku tano jua linachoma mchana na usiku. Theluji ya mlimani imebaki viraka. Jana maji yakageuka rangi, yakawa chai ya maziwa. Leo alfajiri ikanyesha mvua juu ya ile theluji. Mimi nimekaa Kakuma miaka kumi na tatu, Didace, ulifikiri nilikuwa nimelala? Nimegonga kila mlango. Safari hii bibi jirani ndiye aliyenishika mkono mimi."

"Na nyumba?"

"Maji yamefika kwenye ngazi yakasimama. Yamechukua uzio na viazi vyangu vyote."

Watu wakapumua. Mtu mmoja akasema "Asante Yesu" kwa Kirundi, mwingine kwa Kiarabu cha Juba.

"Nimepiga mara arobaini na moja," Didace akasema.

"Nimeona. Simu ilikuwa kwenye koti, na mikono yangu ilikuwa na masanduku ya watu."

Didace akajifuta uso kwa mkono wenye grisi, akauharibu zaidi. "Basi hunihitaji tena," akasema. Hakukusudia kulisema hilo kwa sauti.

Watu wakasogea karibu, magodoro yakigongana.

"Mtoto mjinga wewe," Mama Caritas akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Unajua mto wangu una kina gani. Unajua una maporomoko mangapi na barafu yake inavunjika lini. Miaka karibu miwili unanipigia simu, na hujaniuliza hata siku moja nimekula nini."

Riek akamsukuma begani. "Muulize basi."

Akakohoa. "Mama. Leo umekula nini?"

"Sijala. Nina chakula hapa kwenye kikapu. Mara nyingi sili, mwanangu. Ningekula na nani?"

Didace akaketi juu ya godoro ambalo halikuwa lake, akageuka akatazama watu. Mwanamke mmoja aliyekimbia na sufuria yake ya mchana akaelewa kabla hajaombwa. Akaifunua, akapakua kwenye kifuniko, akamwekea mapajani.

"Fungua kikapu, Mama," Didace akasema. "Nimepata maharage. Tule."

Ikasikika karatasi ikikunjuliwa, mbali sana, na upepo wa huko.

"Anza wewe," Mama Caritas akasema. "Yana chumvi?"